Jinsi ya Kupima Povu la Kuizuia Mashua ya Aluminiamu Isizame

Mtu aliyezoea mitumbwi ya mbao katika Ziwa Victoria, au madau ya Pwani, anajua kwamba chombo kitupu cha mbao kikijaa maji hakiendi chini mara moja. Kitadidimia hata ukingo wake ulingane na maji, na wenyewe watakishika mpaka waje watu wa kuwaokoa, kwa kuwa mbao zilizo nyingi ni nyepesi kuliko maji. Mashua ya aluminiamu si hivyo. Watu huisifu kwa wepesi wake, maana iliyo ndogo wanaume wawili wenye nguvu huweza kuibeba, na wepesi huo huwadanganya wengi. Aluminiamu yenyewe ina uzani mara 2.7 kuliko maji ya ukubwa ule ule. Huelea kwa sababu ya hewa iliyo ndani ya mashua tu. Maji yakiichukua nafasi ya hewa hiyo, mashua haina budi kuzama pamoja na injini yake, na waliokuwamo wataachwa hawana cha kushika.

Ndiyo sababu watengenezaji hutia povu gumu la plastiki ndani ya mabenchi na ubavuni mwa mashua. Huko Marekani, ambako mashua za namna hii ni nyingi sana katika maziwa na mito, jambo hili liliwekewa kanuni kufuata sheria ya usalama wa mashua ya mwaka 1971. Mashua za kawaida zenye urefu chini ya futi 20 na injini ya kufungwa nyuma yenye nguvu zaidi ya farasi 2, zilizoundwa tangu Agosti 1978, zinapaswa kuelea zikiwa zimekaa sawasawa hata zikijaa maji. Haitoshi ncha ya mbele peke yake ionekane juu. Lakini mtu anayejiundia mashua, au anayetengeneza mashua kuukuu iliyotolewa povu lake, hana budi kupiga hesabu mwenyewe.

Hesabu yenyewe si ngumu. Archimedes, Mgiriki wa Syracuse, alikwisha kueleza zaidi ya miaka 2,200 iliyopita kwamba kitu kilichomo majini hupunguziwa uzani kwa kadiri ya uzani wa maji kinayoyaondoa mahali pake. Basi aluminiamu ya kilo 100 ikizama huondoa maji ya kilo 37, na zinazobaki kuchukuliwa ni kilo 63.

Tuchukue mashua ya futi 14 ambayo bodi lake tupu lina kilo 90. Zidisha kwa 0.63, utapata kilo 57. Injini ina kilo 50 na betri kilo 20. Hizo nazo hupungua kidogo majini, lakini ni heri kuzihesabu zote kamili. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo iache. Watu je? Mwili wa mtu uliomo majini hadi mabegani haulemei mashua ila kidogo, na kanuni ya Marekani huhesabu nusu ya kilo 250 za kwanza za watu, na sehemu ya nane ya zinazozidi. Watu wanne wenye jumla ya kilo 300 watahesabiwa kilo 125 na kilo 6, yaani 131. Mizigo mingine ya kilo 60 huhesabiwa robo yake, yaani 15. Jumla ni kilo 273.

Povu litumiwalo sana lina uzani wa kilo 32 hivi kwa mita moja ya ujazo, na maji ya ukubwa huo ni kilo 1,000. Kwa hiyo lita moja ya povu huchukua gramu 968, nasi twahitaji lita 282. Ongeza sehemu ya tano kwa ajili ya povu litakalochakaa, na jumla itakuwa lita 338. Ubao wa povu wenye sentimita 240 kwa 120, na unene wa sentimita 5, ni lita 144. Basi mbao mbili na theluthi moja na kidogo zitatosha.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wakiisha kupata kiasi kilicho sawa, hulisukuma povu lote chini ya sakafu, maana huko ndiko kwenye nafasi. Mtu akijifunga kibuyu kikavu kifuani ataelea kichwa kikiwa juu. Akijifunga miguuni, miguu ndiyo itakayopanda. Mashua nayo ni vivyo hivyo: ikijaa maji, povu la chini huisukuma sakafu juu na kuipindua mashua. Povu lenye faida kubwa ni lile la juu, kandokando ya mbavu mbili karibu na ukingo. Sehemu ya kuchukua injini na iwekwe tezini, kulia na kushoto, kwani uzito uko huko. La sivyo tezi itazama na omo itasimama wima, na watu hawatakuwa na pa kukaa wala hawataweza kuteka maji na kuyamwaga nje.

Sponji ya godoro haifai kabisa, kwani hunywa maji. Polistireni, ile nyeupe ya kufungia vyombo vya umeme, huyeyushwa na petroli, na maji hupenya kati ya punje zake. Poliyurethani yenye vitundu vilivyozibwa huvumilia petroli zaidi, lakini ikilala katika maji miaka mingi nayo hulowa. Wako wanaopenda kuziba hewa tupu ndani ya mabenchi. Ribiti moja ikilegea, kazi yao imepotea.

Ukinunua mashua kuukuu, ipime kwanza. Bodi lililokuwa na kilo 90 likipimwa sasa likawa na kilo 130, na ndani hakuna kilichoongezwa, yumkini povu lake limejaa maji nalo halitaokoa mtu. Toboa benchi uone.

Kazi ikiisha, ipeleke mashua penye maji matulivu yafikayo kiunoni, bila injini wala betri. Ondoa kizibo, uiache ijae. Mahali pa injini weka vyuma vizito badala ya mawe, kwani jiwe majini hupoteza zaidi ya theluthi ya uzani wake, na chuma sehemu ya nane tu. Kisha waingie watu wanne waketi, nawe utazame kama kingo zote mbili zimebaki juu.