Maneno yasiyo na mwalimu: Kiingereza cha mtihani wilayani Urambo

Katika nchi ya Wanyamwezi, magharibi mwa Tanzania, Kiswahili kilifika kwa miguu, kwa kuwa wapagazi waliobeba pembe za ndovu kwenda Bagamoyo katika karne ya 19 walikizoea safarini na kurudi nacho, na leo kinatumika Urambo nyumbani na sokoni pamoja na Kinyamwezi. Kiingereza hakina njia kama hiyo: mwanafunzi wa shule ya serikali, aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, hukuta masomo yamegeuka Kiingereza anapoingia kidato cha kwanza, na miaka sita baadaye hutakiwa kujenga hoja kwa lugha hiyo katika mtihani wa kidato cha sita, ambao ndio mlango wa chuo kikuu.

Kinachomwangusha mara nyingi si istilahi, yaani maneno maalumu ya somo, ambayo mwalimu huyafafanua ubaoni, bali ni msamiati wa kitaaluma, yaani maneno yanayopita katika masomo yote pasipo mwalimu wa kuyafundisha. Mtahiniwa anayemfahamu vyema Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884 na ambaye Urambo imepata jina kwake, akiagizwa kutathmini utawala wake akausimulia tu kwa kutolielewa agizo, hukosa alama kwa jambo analolijua, na hilo ni hasara ya kuhuzunisha.

Mwaka 2000 mtaalamu wa isimu Averil Coxhead wa New Zealand alichapisha orodha ya jamii 570 za maneno ya msamiati huo wa kitaaluma wa Kiingereza, ambazo hufikia takriban asilimia 10 ya maneno katika maandishi ya kitaaluma. Jamii ni shina pamoja na maumbo yake, kama vile analyse, analysis na analytical, na hapa mzungumzaji wa Kiswahili hayuko ugenini, kwani pima, kipimo, mpimaji na upimaji hunyambuliwa vivyo hivyo. Anayejifunza jamii 10 kwa wiki humaliza orodha kwa wiki 57, ndani ya miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita, mradi ayarudie yaliyopita kwa vipindi vinavyozidi kurefuka, kwa kuwa tangu utafiti wa Hermann Ebbinghaus wa mwaka 1885 inajulikana kwamba kinachokaririwa mara moja husahaulika upesi. Kila neno linafaa kuandikwa daftarini pamoja na sentensi iliyotoka kitabuni, kisha na nyingine ambayo mwanafunzi ameitunga mwenyewe kuhusu jambo alilolishuhudia, mathalani namna moto wa bani la kukaushia tumbaku unavyoongezwa hatua kwa hatua hadi jani likauke.

Kazi ya kuufundisha msamiati huo haiwezi kuachiwa mwalimu wa Kiingereza peke yake. Mwalimu wa historia anayedai tathmini anapaswa kwanza kuiandika moja ubaoni, sentensi kwa sentensi, mbele ya wanafunzi.