Mashine nzima, tarakilishi imekufa: cha kuangalia kabla ya kununua mfumo mpya

Katika vyama vya ushirika wa maziwa, maabara za zahanati na karakana za kudarizi, bado kuna mizani na mashine zilizoundwa kuunganishwa na tarakilishi kupitia tundu la siriali, lile la pini tisa. Mashine kama hizo zinaweza kudumu kuliko tarakilishi inayoziongoza. Tarakilishi inapoharibika, mwenye mashine huenda akashauriwa anunue mfumo mzima upya, ilhali anachohitaji ni kipakatalishi cha zamani chenye tundu linalofaa.

Njia ya bei nafuu, na ya kujaribiwa kwanza, ni adapta ya kugeuza USB kuwa siriali. Kwa mizani inayotuma uzito tu, mara nyingi inatosha. Tahadhari ni chipu za kughushi: programu rasmi ya chipu za Prolific hukataa nakala bandia kwenye Windows za karibuni, na adapta iliyofanya kazi jana hugoma baada ya Windows kusasishwa. Tundu la parale, la pini 25, ni gumu zaidi. Adapta zake za USB kwa kawaida huhudumia printa pekee, hivyo mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa moja kwa moja kupitia tundu hilo haitatii.

Adapta ikishindwa, tafuta kipakatalishi chenye tundu lake. Dell Latitude D630 ya mwaka 2007 ni mfano mmoja, na Panasonic Toughbook CF-19, iliyojengwa kwa kazi za nje, ni mwingine. Usinunue kwa jina pekee; geuza kipakatalishi ulitazame tundu lenyewe. Ni rahisi kulichanganya na tundu la skrini. La skrini, VGA, lina matundu madogo 15 katika safu tatu. La siriali lina pini tisa zinazochomoza, tano katika safu moja na nne katika nyingine.

Windows nayo ni muhimu. Programu za zamani za biti 16 haziendeshwi na Windows ya biti 64, hata kipakatalishi kiwe na nguvu kiasi gani. Kwa programu hizo, Windows XP au Windows 7 ya biti 32 ndiyo inayofaa. Lakini Microsoft iliacha kuilinda XP Aprili 2014, na Windows 7 Januari 2020. Kipakatalishi hicho basi kisiunganishwe na intaneti, wala kisitumiwe kwa barua pepe au M-Pesa. Kazi yake iwe mashine hiyo moja tu.

Kabla ya kulipa, nenda dukani na kebo yako, na ikiwezekana mashine yenyewe. Fundi anaweza pia kuunganisha pini ya 2 na ya 3 kwa waya mfupi, kisha achape herufi katika programu ya mawasiliano. Zikirudi kwenye skrini, tundu ni zima. Betri iliyochoka si kasoro kubwa kwa kipakatalishi kitakachokaa mezani, ila stima ikipotea katikati ya kupokea maziwa ya asubuhi, rekodi zitakatika. Diski kuu ya zamani ndiyo ya kuogopewa zaidi, kwa hivyo weka nakala ya programu na mipangilio yake siku ile ile.

Na tarakilishi iliyokufa isipelekwe kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu kabla fundi hajajaribu kuitoa programu kwenye diski yake. Huenda hiyo ndiyo nakala pekee iliyobaki. Diski hiyo pia inaweza kuwa na majina ya wanachama na malipo yao, au matokeo ya wagonjwa, ambayo mwenye taasisi ana wajibu wa kuyalinda chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Ifutwe kabisa au ivunjwe ndipo iondoke ofisini.