Dada wa Kazi na Mikondo ya Ufeministi

Mwaka 1963 mwandishi Betty Friedan wa Marekani alitoa The Feminine Mystique, kitabu kilichowagusa wake wengi wa viungani mwa miji waliosoma, wenye nyumba nzuri, waume na watoto, lakini waliohisi maisha yanawapita. Dawa yake ilikuwa kazi nje ya nyumba. Mwaka 1984 bell hooks, Mmarekani Mweusi, akamhoji Friedan: wake hao wakishaenda ofisini, watoto na nyumba anaachiwa nani?

Sijaona kipimo kikali kuliko swali hilo. Hapa kwetu Tanzania jibu tunalo: anaachiwa dada wa kazi. Kila nadharia inayodai kumkomboa mwanamke ingefaa ipimwe kwa hali ya huyo.

Friedan alikuwa mfeministi wa kiliberali. Mkondo wake una mizizi mirefu, tangu Mwingereza Mary Wollstonecraft alipoandika mwaka 1792, nao unadai mwanamke awe sawa na mwanamume mbele ya sheria, shuleni na kazini. Tusiubeze. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu ya Tanzania pale Mwanza, Jaji James Mwalusanya alikataa mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza shamba la ukoo alilorithi, akisema inapingana na haki zilizomo katika Katiba. Huo ni uliberali ukifanya kazi yake vizuri. Udhaifu wake ni kwamba huishia kizingitini mwa nyumba. Mama anayewahi ofisini saa mbili asubuhi anahesabiwa kuwa ushindi. Aliyeamka saa kumi na moja kupika uji na kuandaa watoto haingii katika hesabu hiyo.

Waliovuka kizingiti ni wafeministi wa siasa kali, akiwamo Kate Millett, aliyeandika mwaka 1970 kwamba mahusiano ya mume na mke chumbani nayo ni siasa. Miaka 9 baadaye, mwanasheria Catharine MacKinnon alijenga hoja kwamba kumsumbua mwanamke kingono kazini ni ubaguzi, na mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaikubali. Binti anayenyemelewa usiku na baba mwenye nyumba ana deni kubwa kwa wanawake hawa. Lakini mkondo huu uliwaona wanawake wote kama tabaka moja lililo chini ya mfumo dume. Anayemnyima binti huyo mshahara, au kumpiga kwa sababu ya sahani iliyovunjika, mara nyingi ni mama mwenye nyumba, na nadharia haikuwa na la kumwambia.

Wafeministi wa Kimarx walikuwa na la kumwambia. Mwaka 1972 wanaharakati walianzia Italia kampeni ya kudai mishahara kwa kazi za nyumbani, wakisema hakuna kiwanda kinachopata wafanyakazi bila mtu wa kuwapikia na kuwalea. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilifika karibu na hapo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed: kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu. Bado, kazi kulipwa si sawa na kazi kuthaminiwa. Dada wa kazi analipwa tayari. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 ilimwekea, kama anaishi kwa mwajiri, kima cha chini cha Sh40,000 kwa mwezi.

Kwa nini thamani yake iwe ndogo hivyo? Kwa maoni yangu, aliyetupa zana bora ya kulijibu swali hilo ni mwanasheria Mmarekani Kimberlé Crenshaw, mwaka 1989. Alichambua kesi ya wanawake Weusi 5 walioishtaki General Motors. Kabla ya 1964 kampuni hiyo haikuajiri wanawake Weusi, kwa hiyo mdororo wa uchumi ulipokuja na wa mwisho kuajiriwa wakawa wa kwanza kuondolewa, waliofagiliwa ni wao. Mwaka 1976 mahakama iliona kampuni iliwahi kuajiri wanawake, nao walikuwa Weupe, hivyo ubaguzi wa jinsia haupo. Dai la rangi wakaambiwa waliunganishe na kesi nyingine. Kuunganisha jinsia na rangi katika dai moja hawakuruhusiwa. Ndivyo ilivyo kwa dada wa kazi: ni mwanamke, ni maskini, ametoka kijijini, pengine ni mtoto bado, na dhuluma inampata kwa yote hayo kwa pamoja. Lakini kumwona vizuri si kumwongezea mshahara, na wengi wamejifunza msamiati wa Crenshaw wakaishia hapo.

Wanazuoni wa Afrika, kama Obioma Nnaemeka wa Nigeria, walisisitiza mazungumzo na maelewano badala ya vita vya jinsia. Naiheshimu hoja hiyo, ila inanitia hofu. Hapa kwetu maelewano huvaa sura ya undugu, na undugu ndio unaomficha binti huyu kuliko kitu chochote: “ni mtoto wa dada yangu, namsaidia tu”. Hana mkataba wala likizo, na akilalamika ataambiwa hana shukrani.

Wafanyakazi wa nyumbani wenyewe hawakungoja nadharia ikamilike. Walijipanga, wakapeleka sauti zao Geneva, na mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani likapitisha Mkataba Namba 189. Unataka masharti ya kazi yaeleweke, ikiwezekana kwa maandishi, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki.