SHINGO ILIYOTIKISWA: KAZI YA MIKONO NA MIPAKA YAKE

Ziko ajali zisizomwaga damu. Lori lililobeba askari lasimama ghafla kwa sababu ya ng'ombe aliyekatiza barabara, gari la nyuma laligonga, na wote waliomo washuka kwa miguu yao wenyewe, wakipangusa vumbi na kumshukuru Mungu. Jioni wanakula na kusimulia. Asubuhi ya pili mmoja wao anaitwa kwa nyuma, ataka kugeuka aitike, na shingo haigeuki. Inambidi azungushe kiwiliwili kizima, mabega na kiuno pamoja, kama mtu aliyefungwa ubao mgongoni.

Katika Ludara, wilayani Koboko, pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda, jambo hili si geni. Koboko ilitengwa na Arua na kuwa wilaya yake yenyewe mwaka 2005, na barabara kuu itokayo Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, karibu na mpaka wa Sudan Kusini, sasa ni ya lami. Lami imeleta faida nyingi, nayo imeleta mwendo. Malori ya mizigo hupishana na bodaboda zilizopakia abiria wawili na gunia. Tena West Nile imetoa askari tangu siku za King's African Rifles, na familia nyingi za huko zimewahi kumpokea mume au kijana aliyerudi likizo na maungo yanayouma. Anayemhudumia mara nyingi ni mkewe, mama yake au jirani ajuaye kukanda. Kwa mikono hiyo mtu aweza kupata nafuu kubwa, na kwa mikono hiyo hiyo aweza kuharibiwa maisha yake yote.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5, nacho kimesimama juu ya pingili 7 za shingo. Gari linapogongwa kwa nyuma, kiti husukuma kifua mbele ilhali kichwa kimebaki pale pale; kisha kichwa hurushwa nyuma, halafu mbele. Yote hayo hutokea katika muda usiotimia nusu ya sekunde, kabla misuli haijapata nafasi ya kujizatiti. Madaktari wa Magharibi wamelifananisha tendo hilo na kupigwa kwa mjeledi, na inasemekana jina hilo lilianzishwa na daktari mmoja wa Marekani, Harold Crowe, mwaka 1928. Misuli na kano zilizovutwa kupita kiasi huvimba polepole, na ndiyo maana mtu hujiona mzima siku ya kwanza. Maumivu huja baada ya saa kadhaa, au hata siku ya pili: shingo kukakamaa, kichwa kuuma kuanzia kisogoni, mabega kuwa mazito, pengine na kizunguzungu.

Katika vijiji vingi yapo mazoea mawili ambayo ni ya hatari. La kwanza ni kumnyanyua upesi mtu aliyetupwa na pikipiki na kumpakia juu ya pikipiki nyingine, dereva mbele na mshikaji nyuma, kichwa kikining'inia njia nzima. La pili ni kumwita fundi wa viungo siku hiyo hiyo ili "airudishe" shingo kwa kuivuta na kuikunja hadi ilie. Kama pingili imevunjika, mkunjo mmoja waweza kuubana au kuukata ugwe wa fahamu unaopita ndani ya uti wa mgongo, na mtu aliyeanguka akiwa na miguu miwili akaamka hana hata mmoja wa kumtii. Hata pingili zikiwa nzima, iko mishipa ya damu inayopanda shingoni kwenda kwenye ubongo. Shingo ikisokotwa kwa nguvu mishipa hiyo yaweza kuchanika kwa ndani na kuleta kiharusi, hata kwa kijana. Mlio ule wa "ko!" unaowafurahisha watazamaji hauonyeshi kwamba kitu chochote kimerudi mahali pake.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si ya mkandaji. Mwaka 2001 madaktari wa Canada walitangaza kanuni ya kumpima aliyeumia shingo, na misingi yake yaweza kufahamika na mtu yeyote, ingawa uamuzi wenyewe ni wa mganga wa hospitali. Mtu mwenye umri wa miaka 65 au zaidi, aliyeanguka kutoka kimo cha mita 1 au zaidi, aliyetupwa nje ya gari, au anayehisi ganzi au mchonyoto mikononi au miguuni, lazima apigwe picha ya eksirei. Hali kadhalika asiyeweza mwenyewe kugeuza kichwa nusu ya njia ya kulifikia bega, kulia na kushoto. Neno "mwenyewe" ni la maana: asigeuzwe na mtu. Aidha asikandwe mtu yeyote ambaye mfupa wa katikati ya shingo unauma ukiguswa, anayeona vitu viwili viwili, anayetapika, aliyelegea mkono au mguu, au aliyeshindwa kuzuia mkojo. Huyo alazwe chali juu ya ubao, hata wa mlango uliong'olewa, nguo zilizokunjwa zikazwe kila upande wa kichwa chake, na apelekwe hospitali ya Koboko au ile ya rufaa ya Arua katika gari ambamo aweza kulala.

Aliyepimwa na kuambiwa kwamba mifupa ni mizima, huyo sasa ndiye wa mkandaji. Naye asubiri siku mbili tatu uvimbe upungue. Katika siku hizo zinamtosha dawa ya maumivu aliyopewa, kitambaa chenye maji baridi, na kutembea taratibu. Zamani wagonjwa wa namna hii walivishwa kola ya shingo kwa majuma mengi. Siku hizi waganga wengi wameacha, kwani misuli isiyofanya kazi hulegea na shingo huzidi kukakamaa.

Ukandaji uliopata sifa kubwa duniani ni wa Wathai. Katika hekalu la Wat Pho mjini Bangkok, mfalme Rama wa Tatu aliamuru katika karne ya 19 elimu ya dawa na ya ukandaji ichorwe juu ya mawe ili isipotee. Na mwaka 2019 shirika la UNESCO liliuingiza ukandaji huo katika orodha ya urithi wa mataifa. Mgonjwa hulala au huketi juu ya godoro jembamba sakafuni, amevaa nguo zake, wala hapakwi mafuta. Mkandaji hutumia vidole gumba, viganja, viwiko, hata magoti, akibonyeza polepole kwa kufuata njia wanazoziita sen, kisha huvinyosha viungo. Mwanamke wa Ludara anayemchua mtoto wake juu ya mkeka hatashangaa sana akiona kazi hiyo.

Katika yote hayo, linalofaa kuchukuliwa kwa shingo iliyotikiswa ni ule ubonyezaji wa polepole. Kule kunyosha kwa nguvu na kusokota kuachwe kabisa. Mgonjwa aketi mkekani, mkandaji apige magoti nyuma yake. Aanze mbali na penye maumivu: mgongo wa juu, kando ya mabapa ya mabega, halafu minofu iliyo kati ya bega na shingo. Kidole gumba kikandamize mnofu, kamwe si mfupa, kwa uzito wa mwili na si kwa ghadhabu. Kikae hesabu ya tano hadi kumi, kiachie polepole, kisogee upana wa kidole kimoja. Hatimaye mgonjwa alale chali, na vidole vya mkandaji vilishike fuvu chini ya kisogo na kutulia hapo, kichwa kikijilaza chenyewe. Mbele ya shingo, penye koo na mishipa inayopiga, pasiguswe. Maumivu yawe yale ambayo mtu huyavumilia huku akizungumza; akizuia pumzi au kukunja uso, mkono umezidi. Ganzi au kizunguzungu kikitokea, kazi ikome papo hapo.

Yasitarajiwe makubwa kupita kiasi. Tafiti zilizopitiwa kwa pamoja mwaka 2012 zilionyesha kwamba kuchua hupunguza maumivu ya shingo kwa muda mfupi, lakini nguvu yake ya muda mrefu haikuthibitishwa. Manufaa yake hasa ni kwamba mtu aliyepata nafuu ya saa chache huthubutu kuitumia shingo yake, na shingo hupona kwa kutumiwa. Basi baada ya kukandwa ageuze kichwa mwenyewe kulia mpaka inapoanza kuvuta, ahesabu tano, arudi, ageuze kushoto. Kisha arudishe kidevu nyuma kama anayekwepa moshi wa jikoni. Mara tano kila upande, asubuhi, mchana na jioni. Wengi hupata nafuu katika majuma machache, ingawa wako ambao maumivu huwakalia miezi mingi. Aliyepita miezi mitatu bila nafuu arudi hospitali.

Limebaki jambo moja ambalo waume husahau. Mara nyingi anayeumia ni mke, aliyekuwa abiria wa bodaboda akirudi sokoni, na kesho yake anatazamiwa kisimani. Dumu la lita 20 likijaa lina kilo 20 na zaidi, uzito wa vichwa vinne vya watu juu ya shingo moja iliyojeruhiwa. Hata kwa shingo nzima mzigo huo si mdogo: watafiti waliofanya kazi Limpopo, Afrika Kusini, waliwakuta wachotaji maji wakilalamika kwa maumivu ya shingo na mgongo. Kwa majuma sita maji ya nyumba hiyo yaletwe kwa baiskeli au toroli, au watoto wakubwa na baba yao wachukue dumu dogo dogo mkononi. Akianza tena aanze na lita 5, na siku shingo itakapokakamaa baada ya safari ya kisimani, apumzike juma zima kabla ya kujaribu lita 10.