Chakula Ndani ya Uzio: Mlaji katika Mgahawa wa Bustani ya Burudani

Neno "mlaji", kama linavyotumika katika machapisho ya ulinzi wa walaji, humhusu kila mtu anunuaye bidhaa au huduma kwa matumizi yake mwenyewe, iwe ni bati, dawa ya meno au muda wa maongezi. Katika makala haya neno hilo linarejea kwenye maana yake ya asili. Mlaji tunayemzungumzia ameketi mezani katika bustani ya burudani, saa nane mchana wa sikukuu. Watoto wake wametoka kwenye mabwawa na mitelezo wakiwa na njaa, na mbele yake ipo menyu yenye bei ambazo hakuzitarajia.

Bustani za namna hii si ngeni tena kwetu. Wakazi wa Dar es Salaam wamezoea kwenda Kunduchi na fukwe nyingine za kaskazini mwa jiji siku za Idi, Krismasi na mwisho wa juma, na miji mingine nayo ina viwanja vyake vya bembea na mabwawa ya watoto. Familia hukipigia hesabu kiingilio kwa makini, kichwa kwa kichwa, lakini chakula hukiacha kwenye bahati.

Mtu aliye Kariakoo akiona sahani ya wali kuku imepanda bei huvuka barabara akala kwingine. Aliye ndani ya bustani hana barabara ya kuvuka. Amekwisha kulipa kiingilio, akitoka huenda akatakiwa kulipa tena, chakula chake cha nyumbani huenda kimezuiwa langoni, na migahawa yote anayoiona, hata ikiwa na majina matatu tofauti, huweza kuwa ya mwenye bustani mmoja. Ushindani, ambao ndio humlinda mnunuzi sokoni bila yeye kujua, huishia kwenye uzio.

Ni haki pia kumsikiliza mwenye bustani. Mahali pake hujaa siku chache za mwaka, ilhali jiko, majokofu na wapishi hulipiwa kila mwezi. Zuio la chakula cha nje nalo lina sababu zake: chupa ya kioo ikipasuka kando ya bwawa ambalo watoto hutembea peku ni hatari isiyohitaji maelezo. Hata hivyo, zuio hilo hilo humletea mapato, na mlaji asione aibu kulitambua hilo.

Bei kubwa na bei iliyofichwa

Jambo moja lieleweke tangu mwanzo, kwa sababu wengi hufika katika ofisi za umma wakitarajia lisilowezekana. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 haikuwekwa ili kumpangia mwenye mgahawa bei ya chipsi. Soda ikiuzwa mara tatu ya bei ya dukani, na bei hiyo imeandikwa mahali ambapo mnunuzi anaiona kabla ya kuagiza, hakuna kosa lililotendeka, ijapokuwa inauma. Sheria hiyo inakataza kupotosha na kudanganya: kueleza uongo kuhusu bei, ubora au aina ya kinachouzwa, au kutangaza bei ya chambo kwa kitu ambacho muuzaji hana nia ya kukiuza kwa bei hiyo. Basi tangazo la barabarani lisemalo "kiingilio pamoja na chakula" likageuka mezani kuwa kiingilio pamoja na soda moja, hapo kuna la kujibu. Vivyo hivyo menyu isemayo samaki mzima, kisha akaletwa kipande, au bili yenye bei isiyolingana na ile ya kwenye menyu.

Kutokana na hayo, nguvu ya mlaji iko nje ya lango, kabla fedha hazijatoka mfukoni. Piga simu siku moja kabla, au uliza dirishani kabla ya kukata tiketi: chakula kimo katika kiingilio au hakimo? Kama kimo, ni kipi na kiasi gani? Naweza kutoka na kurudi kwa tiketi ile ile? Maji ya kunywa ya kubeba yanaruhusiwa? Uji wa mtoto mchanga na chakula cha mgonjwa wa kisukari vina utaratibu gani? Omba kuiona menyu ya siku hiyo, na ukiruhusiwa ipige picha. Jibu lolote litakalokuathiri ni bora likaja kwa ujumbe wa simu kuliko kwa mdomo, maana aliyejibu asubuhi huenda hayupo zamu ya mchana.

Suala la maji lina historia yake. Disneyland ilipofunguliwa huko Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955, joto lilikuwa kali, umati ukazidi matarajio, na migahawa ikaishiwa chakula na vinywaji. Kabla ya hapo mgomo wa mafundi bomba ulikuwa umemlazimu Walt Disney kuchagua kati ya kukamilisha vyoo na kukamilisha mabomba ya maji ya kunywa, akachagua vyoo. Wageni waliokuta mabomba makavu walishuku kwamba yamefungwa makusudi ili wanunue soda. Uamuzi ulikuwa wa busara, lakini mteja aliyekwisha fungiwa ndani hushuku upesi. Leo bustani za kampuni hiyo huko Florida humruhusu mgeni kuingia na chakula chake na vinywaji visivyo na kilevi, mradi visiwe katika vyombo vya kioo, na vibanda vyenye mashine za vinywaji humpa maji ya barafu bila malipo akiyaomba. Wasomaji wetu waishio Marekani wanaijua mojawapo ya bustani hizo, Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwaka 1998. Ndani yake kuna kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, na katika hoteli yake kuna migahawa iitwayo Jiko na Boma. Majina ni ya kwetu, bei ni za kwao. Tunaitaja kwa sababu zuio la chakula cha nje si sharti la lazima la biashara hii. Ni uamuzi wa kila mwenye bustani, na mlaji anaweza kuuliza, na hata kuomba, ubadilishwe.

Kutoka menyu hadi bili

Mshangao mkubwa hutoka katika maandishi madogo chini ya menyu: "bei hizi hazijumuishi VAT na huduma". Tuchukue sahani iliyoandikwa shilingi 25,000. Ikiongezwa tozo ya huduma ya asilimia 10, inakuwa 27,500. Juu yake iwekwe Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara, asilimia 18, nayo inafika 32,450. Kwa familia ya watu watano waliokula sahani moja moja, kilichoonekana kuwa 125,000 kinalipwa 162,250. Tofauti ya 37,250 huenda ndiyo ilikuwa nauli ya kurudi nyumbani. Kwa hiyo, swali la kwanza kwa mhudumu, kabla hata ya kuuliza kilichopo, liwe: "Bei hizi ni kamili?"

Tozo ya huduma isichanganywe na bakshishi. Bakshishi ni hiari ya mgeni; tozo ni sehemu ya bei iliyowekwa na mgahawa, na hivyo inapaswa kujulikana kabla ya kuagiza. Jimbo la Florida, ambako desturi ya bakshishi ina nguvu kuliko kwetu, linautaka kisheria mgahawa unaoijumlisha moja kwa moja uandike hivyo kwenye menyu na kwenye bili yenyewe. Ni kipimo kizuri hata mahali ambapo sheria haikutamka kwa maneno hayo hayo. Ukikuta kwenye bili mstari ambao hukuuona kwenye menyu, omba uelezwe kabla ya kulipa, kwa sauti ya kawaida, na ukitaka mwite msimamizi. Kisha dai risiti ya EFD. Karatasi iliyoandikwa "bili" au "oda" si risiti, na sheria ya kodi inamtaka mnunuzi naye adai.

Baadhi ya bustani zimeacha fedha taslimu na kutumia kadi au bangili inayojazwa fedha langoni. Utaratibu huu huharakisha foleni, lakini pia huficha matumizi, kwa kuwa mtoto akigusisha bangili kwenye mashine mara nne mzazi haoni noti ikitoka. Zaidi ya hilo kuna salio. Kabla ya kujaza, uliza kama salio linarudishwa siku hiyo hiyo, kama kadi yenyewe ina amana, na kama fedha zina muda wa kuisha. Ukijibiwa kwamba hazirudi, jaza kidogo kidogo, hata kama itakubidi kupanga foleni mara mbili. Shilingi 4,000 zilizobaki ni kidogo kwa mtu mmoja, lakini kwa bustani iliyopokea watu mia kadhaa siku hiyo si kidogo.

Kuhudumiwa

Katika mgahawa wa mtaani kusubiri kunachosha tu. Katika bustani kunagharimu, kwa sababu kila nusu saa iliyopotea mezani ni nusu saa ya kiingilio ulichokwisha lipia. Jiko la bustani hulemewa kati ya saa saba na saa tisa mchana, watu wote wanapotoka majini kwa pamoja. Anayekula saa tano na nusu huhudumiwa upesi na hula chakula kilichotoka jikoni punde. Kwa kundi kubwa, kama la shule au harusi, agizeni mapema na mwandikiane idadi, saa na bei. Kama malipo ya awali yanatakiwa, masharti ya kuahirisha yasomwe kabla ya kuyatuma. Kwenye bustani za Florida tulizozitaja, aliyeweka meza katika mgahawa wa kuhudumiwa na asifike bila kufuta nafasi hutozwa kwa kila mtu aliyeandikishwa.

Muulize mhudumu chakula kitachukua muda gani, na uangalie saa mbele yake. Muda ukizidi sana, ni halali kuuliza kama kimeanza kupikwa. Kama bado, omba oda ifutwe. Kikiletwa kisichokuwa ulichoagiza, kirudishe kabla ya kukionja, kwa maana sahani iliyoliwa nusu ni vigumu kuitetea. Na tuseme wazi kwamba mhudumu anayesimama mbele yako mara nyingi hakupanga bei wala hakupunguza idadi ya wapishi. Kumfokea hakumfikii aliyefanya hayo.

Usalama wa chakula hauna mjadala wa bei. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, chakula cha moto kinapaswa kutunzwa katika joto la zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi, cha baridi chini ya nyuzi 5, na kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili. Mlaji hana kipimajoto, lakini ana macho. Katika bufee, tazama kama vyombo vimefunikwa na vinatoa mvuke, na kama saladi na kachumbari vimewekwa juu ya barafu au juani. Mishikaki yenye wekundu ndani irudishwe, hasa ya kuku. Mwenye mzio wa karanga, mayai, maziwa, samaki au kamba asitosheke na jibu la "haina" kutoka kwa mhudumu mwenye haraka. Aombe mpishi aulizwe, na aulize pia kuhusu mafuta, kwa kuwa chipsi zilizokaangwa katika mafuta yaliyokaanga kamba si salama kwake.

Mambo yakienda kombo

Anza na msimamizi wa mgahawa, kisha uongozi wa bustani, siku hiyo hiyo kabla ya kutoka. Tatizo la salio au la sahani iliyokosewa humalizika hapo kwa urahisi kuliko kwa barua ya wiki mbili baadaye. Lisipomalizika, liangalie lilivyo. La udanganyifu wa bei au tangazo lipelekwe Tume ya Ushindani. La usalama wa chakula lipelekwe Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 limebeba jukumu hilo, au kwa afisa afya wa halmashauri iliyo karibu. La kunyimwa risiti ni la Mamlaka ya Mapato Tanzania. Mtu akiugua baada ya kula, apelekwe kwanza kituo cha afya, amweleze mganga alichokula na saa aliyokila, na waulizwe wenzake waliokula sahani ile ile.

Barua ya malalamiko haihitaji maneno makali. Iandikwe tarehe, saa, jina la mgahawa kama lilivyo kwenye risiti, ulichoahidiwa, ulichopata, kiasi ulicholipa na unachoomba: kurudishiwa fedha zote, sehemu yake, au tangazo lirekebishwe. Ambatisha nakala tu, halisi ibaki kwako. Risiti za EFD huchapwa kwenye karatasi ambayo maandishi yake hufifia kwa joto na jua, na inayokaa kwenye mkoba wenye nguo mbichi za kuogelea huharibika mapema zaidi. Ipige picha ukiwa bado mezani.