Samaki wa mapambo: Kuzaa si kazi, kazi kulea

MBUNA wa Ziwa Nyasa, samaki wadogo wenye rangi kali za buluu na njano ambao ni ndugu wa perege na sato, huzaliana kwa urahisi ndani ya tangi la kioo. Matatizo huanza baada ya hapo, hasa aina kadhaa zinapofugwa pamoja.

Jike hutaga juu ya jiwe na papo hapo kuyaokota mayai kwa mdomo, kisha huyaatamia humo kwa takriban wiki tatu, akila kidogo sana au asile kabisa. Mfugaji humtambua kwa koo lililotuna. Akiachwa katika tangi la pamoja, vifaranga wengi huliwa na samaki wengine mara tu watokapo kinywani mwake. Kwa hiyo huhamishiwa tangi lake siku chache kabla ya muda kutimia, tena kwa upole, kwani akishtuliwa anaweza kuyatema mayai au kuyameza. Aidha, dume mmoja awekewe majike watatu au zaidi, la sivyo atamsumbua jike mmoja hadi kumuua.

Kwa wakazi wa Arusha, maji ya Mlima Meru ni ya magadi, jambo linalowafaa mbuna, ingawa floridi yake ndiyo inayoyatia meno ya wenyeji rangi ya kahawia. Baridi ya Juni na Julai ndiyo adui. Samaki hawa huhitaji nyuzi joto 24 hadi 26, na umeme ukikatika usiku tangi hupoa.

Lililo zito zaidi ni chotara. Aina tofauti za mbuna hupandana, na chotara wao hawastahili kuuzwa kama aina halisi. Wala wasimwagwe Mto Themi, ambao maji yake huingia Kikuletwa, bwawa la Nyumba ya Mungu na hatimaye Pangani. Katika bonde hilo, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulibaini chotara, japo si wengi, wa sato wa kuletwa na perege wa Jipe, samaki wa asili aliye katika hatari kubwa ya kutoweka. Sato hao walipandikizwa kwa nia njema ya kuongeza kitoweo.

Anayezidiwa na vifaranga awagawie wafugaji wenzake, akiwaeleza wazi kuwa ni chotara.