Nchi ya Hekta 44

Mtaani kwetu Kamalondo kila mwanaume mwenye mvi huitwa Papa. Basi Papa Fransisko alipofariki, tarehe 21 Aprili 2025, darasani ilinibidi niseme "Papa wa Roma" kila mara, la sivyo watoto wanaangua kicheko. Nafundisha uraia katika sekondari moja hapa Lubumbashi. Somo la siku ile lilikuwa Bunge, nalo halikufika dakika ya tano. Mvulana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Prof, sasa kule nani anatia sahihi?"

Nikaandika ubaoni: Sheria ya Msingi ya Mji wa Vatikano. Ndiyo katiba yao, na ni ya tatu. Ya kwanza ilitoka 1929, nchi hiyo ilipozaliwa kwa Mkataba wa Laterano na Italia. Ya pili 2000. Ya sasa inatumika tangu 7 Juni 2023. Sheria yenyewe haizunguki: kutunga sheria, kutawala na kuhukumu, yote ni ya Papa. Katiba yetu ya 2006 ina kifungu cha 220, kinachotaja mambo ambayo hakuna ruhusa ya kuyabadilisha. Kule kufuli la namna hiyo halipo. Aliyeiandika sheria aweza kuifuta kesho asubuhi.

Ya nini basi kuiandika? Kwa sababu mtu mmoja hawezi kusimamia posta, polisi na makumbusho peke yake. Tume anayoiteua kwa miaka mitano humtungia sheria, na mahakimu huhukumu kwa jina lake. Shughuli za serikali ya mji ziko chini ya mtawa, Sista Raffaella Petrini, tangu 1 Machi 2025. Hapo wasichana walipiga makofi.

Papa akifa, mamlaka hushikwa na makardinali wote pamoja, lakini kwa mkono mwepesi: sheria watatunga kwa jambo la dharura tu, nayo hufa Papa mpya asipoithibitisha. Msichana mmoja, Mlunda, alielewa kabla sijamaliza. Kwa Mwant Yav, mfalme wa Walunda, mrithi huchukua kiti, jina, na hata undugu wa aliyemtangulia. Mtu hufa, kiti kinabaki.

Ndiyo maana mikataba yetu na Roma haikuyumba. Kongo haikutia sahihi na ule mji wenye kuta. Ilitia na Kiti Kitakatifu, yaani uongozi wa Papa juu ya Kanisa lote, ambao ni mkongwe kuliko mji huo kwa karne nyingi. Mji ulitengwa ili kiti kisikae uani kwa mtu. Mkataba wa 20 Mei 2016, ulioanza kutumika Januari 2020, unagusa hata shule za Kanisa. Na kabla yake, 26 Mei 1906, dola la Léopold II liliahidi kila misheni hekta 100 hadi 200, nayo misheni ifungue shule. Vatikano nzima ni hekta 44! Wakati huo Papa mwenyewe hakuwa na nchi.

Kilichowashangaza zaidi ni uraia. Kule hauji kwa damu wala kwa kuzaliwa. Kwa kawaida unakuja na kazi. Askari Mswisi anayemlinda Papa ni raia akiwa zamuni, na akiacha utumishi uraia nao unakwisha.

Hapa Lubumbashi, uraia na asili si maneno ya ubaoni tu. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, wengi wakilala stesheni wakingoja treni.

"Prof," akasema yule mvulana wa nyuma, "babu yangu aliletwa hapa na kampuni ya migodi, Union Minière. Kwa sheria ile ya Vatikano, angekuwa raia kwa sababu ya kazi?"

"Ndiyo. Mpaka siku ya pensheni."

Akafikiri kidogo. "Pensheni hajalipwa mpaka leo," akasema.